Programu Tatu kwenye Kompyuta ya Mama

Mume wangu ana maradhi mawili: kusema "dakika tano tu" na kumwogopa mama yangu. Siku maradhi yote mawili yalipompanda kwa pamoja, alijitolea kumwekea Mama Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta, badala ya Windows.

Mama ni mwalimu mstaafu, na sebuleni kwake ana meza ya kuchapia kazi za watu: maombi ya kazi, matangazo ya misiba, ratiba za sherehe. Tangu tuoane anamwita mume wangu "mgeni wetu." Akifika, anakalishwa kwenye kiti chenye mto, chakula kinamfuata kwenye sinia, na akithubutu kunyanyua kikombe chake mwenyewe, Mama anampokonya kwa heshima zote. Mwingine angeshukuru. Yeye jambo hilo lilimkaa rohoni. Alitaka atumwe dukani, akaripiwe, aitwe mjinga, kama anavyofanyiwa kaka yangu kila siku ya Mungu.

Basi kompyuta ilipoanza kujikokota, akaona mlango umefunguka. Alimweleza Mama kwamba Linux ni nyepesi na haina maringo. Mama alikubali, ila alimkumbusha kwamba Ijumaa jioni shule ya jirani ingekuja kuchukua ratiba yao ya mahafali, na hapendi kuaibishwa.

Linux yenyewe iliingia bila matata. Kivinjari kikafunguka, printa ikaitika. Shida ilikuja kwenye programu ya kuandikia. Alifungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akaandika amri ya kuiweka, maandishi yakapita mbio, kisha kimya. Hakuna hongera wala mlio. Mume wangu ni mtu wa kupongezwa, nami nimeshazoea kumsifia hata akibadilisha balbu. Akaamini kwamba imemkatalia. Akaenda kwenye duka la programu lililomo humo humo, kiduara kikazunguka mpaka uvumilivu ukamwishia, akalifunga dirisha. Mwisho akaongeza duka la pili, akaiomba programu ile ile, nalo likamwandikia kwamba kazi imekamilika. Hapo akatembea sebuleni kifua mbele.

Alhamisi alikaa na Mama akampangia kila kitu: herufi kubwa kwa ajili ya macho yake, ukubwa wa karatasi, kamusi ya Kiswahili ya kusahihisha maneno, na kazi kujihifadhi yenyewe. Mama akasema ahsante, mgeni wetu. Kesho yake asubuhi alifungua programu akakuta herufi kama sisimizi, na kila neno la Kiswahili limepigiwa mstari mwekundu. Mume wangu akaja mbio, akapanga upya. Mama akazima kompyuta, akaenda kula. Aliporudi, sisimizi wamerudi pia.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao, na kwenye menyu niliona alama tatu za programu ile ile, zimefanana kama mayai. Nikanyamaza. Ni mume wangu, nampenda, lakini raha nyingine haziji mara mbili.

"Labda mgeni wetu amechoka," Mama alisema kwa upole. "Acha nimwite fundi."

Upole ule ulimchoma kuliko matusi. Aliinama kwenye kioo cha kompyuta, naye akaziona zile alama tatu. Akafumbua mdomo, na mimi ninayemjua niliuona uongo unakuja: kirusi, umeme, printa mbovu. Akaufunga. Akafumbua tena.

"Mama, nimeiweka mara tatu," alisema. "Kila moja ina mipangilio yake, haijui ya mwenzake; nikipanga hii, wewe unafungua ile. Nilidhani haijaingia, nikaona aibu kuuliza."

Mama alivua miwani, akamtazama. Nilitamani kuingilia kati.

"Mjinga wewe," alisema Mama.

Akavaa miwani yake. "Futa mbili, moja uiache na herufi zangu kubwa. Ukimaliza inuka hapo nifanye kazi, jikoni kuna vyombo tangu asubuhi."

Alifuta mbili. Ile iliyobaki aliifungua, akaifunga, akaiwasha upya kompyuta na kuifungua tena, herufi zikabaki kubwa. Ratiba ilitoka kwenye printa kabla mwalimu wa shule hajabisha hodi, na Mama hakumtaja mume wangu kwa mtu yeyote wala kumsifia.

Nilimkuta jikoni amekunja mikono ya shati lake zuri, povu hadi kwenye viwiko, anasugua sufuria iliyoungua. Nikamwambia aniachie mimi. Akaivuta sufuria upande wake.

"Umesikia alivyoniita?" aliniuliza, na macho yalikuwa yamemlowa.