Turungi ya Osoro

Mitchell hajawahi kuota jipu hata moja. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniuma. Ni mtoto wa Sheryl, mke wa shemeji yangu Ronny, na nyumba zetu zinatazamana hapa Itumbe. Mashavu yamemjaa, ngozi inang'aa, na mama mkwe akija humbeba yeye kwanza. Mwanangu Osoro ni wa umri uleule, lakini jipu la paja likipona, la shingo linatokeza.

Sheryl ametoka huko ziwani, na maringo alikuja nayo. Mtoto wake hapewi chai na chakula. Sisi tunaochuma majani ya chai, watoto wetu wote wamekua kwa ugali na turungi, chai isiyo na maziwa. Siku moja akaniambia, "Mama Osoro, hiyo chai ingoje kwanza. Ukimpa na chakula inazuia madini, mtoto anakosa nguvu ya kupigana na ugonjwa."

"Kwani chai yetu imekukosea nini?" nikamuuliza.

Tangu hapo nikawa namjazia Osoro kikombe pomoni, palepale mlangoni, Sheryl akiona.

Kisha likaja jipu la goti. Mtoto akashindwa kutembea, homa ikapanda, nikambeba mgongoni hadi zahanati. Daktari alilipasua, akampima damu, akaikuta iko chini sana. Akaniuliza anakula nini. Nikamwambia ugali, mboga na turungi.

"Dawa itaua bakteria walioko sasa," akasema. "Lakini mwili ukikosa madini ya chuma, kinga inaweza kulegea, na wengine wakapata nafasi. Turungi na chakula pamoja inamnyima hayo madini. Mpe dagaa wa omena, maharagwe, mboga. Chai uiache."

Ni maneno ya Sheryl yaleyale. Niliomba moyoni daktari awe amekosea.

Lakini majani yalikuwa yamekomaa na ilibidi nirudi shambani. Mchana Osoro hubaki na mama mkwe, na nilipomweleza habari ya chai, alinitazama kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. "Yaya, hapana, mama. Mtoto atamezaje ugali kavu?" Nilijua nikigeuza tu mgongo, atamimina. Nyumba isiyo na turungi mezani ilikuwa moja tu.

Nikavuka. "Mama Mitchell, nisaidie na huyu mtoto mchana."

"Mlete," akasema, basi. Afadhali angenicheka, ningepata sababu ya kumchukia vizuri.

Siku hizi Osoro anakimbia. Majipu yamekoma, miguu imebaki na makovu tu. Juzi mama mkwe alisema mbele ya watu, "Sheryl ametuponyea mtoto." Nikaitikia kwa tabasamu, na roho ikiniwaka moto.

Jana niliacha kuchuma mapema. Nilikuwa nimenunua omena sokoni Ogembo, nikaikaanga kwa nyanya na vitunguu, mafuta sikubania. Mezani niliweka maji. Osoro akaonja, akarudisha tonge kwenye sahani.

"Ya mama ni tamu kushinda hii."

"Mama nani?"

Akaunyooshea kidole mlango wa Sheryl.

Nilitaka kumlazimisha. Nilitaka kulia pia. Lakini hajala, na asipokula najua kinachorudi. Nikamnawisha mikono, nikamvusha kwa Sheryl, nikasimama nje ya ukuta nikisikiliza hadi alipomaliza sahani.