Koti la Kapteni

Kijiwe kizima cha bodaboda pale Mkwajuni kilijua pointi za Andongwisye, maana Andongwisye hakumnyima mtu habari hiyo. Abiria wa Galula alipanda akiuliza nauli, akashuka akijua kwamba dereva wake ana pointi elfu mbili mia tatu za mafumbo ya chesi. Simu humwonyesha mchezo uliofika katikati, humwambia nyeupe icheze ishinde, naye hugusa kete, kioo kikawaka kijani. Kutwa nzima! Mchezo kamili, tangu kete ya kwanza hadi ya mwisho, hakuwa amecheza tangu masika. Wa nini? Wale wa kijiweni, alisema, wanasukumasukuma tu.

Basi ikaja habari kwamba kila kijiwe kitapeleka timu ya chesi kwenye mashindano Vwawa, na timu iwe na kapteni. Andongwisye hakusubiri kuchaguliwa. Alikwenda kwa dada Yunisi, fundi cherehani wa ubavuni mwa kijiwe, akashonewa koti lenye neno KAPTENI mgongoni kwa herufi nyekundu. Mama yake akalibeba mpaka kanisani, likaombewa. Sasa arudi nyuma vipi? Jamani, koti likishaombewa limeombewa.

Ila mwenyekiti wa kijiwe, Sadoki, alikuwa mtu wa taratibu.

"Anayetufunga sote hapa ni huyu Yunisi," alisema. "Chezeni mchezo mmoja tu. Atakayeshinda ndiye kapteni."

Andongwisye alicheka, akakaa na koti lake mwilini. Yunisi hakuwahi kufumbua fumbo hata moja maishani. Alicheza huku kabana pini mdomoni, akisogeza askari mmoja mmoja, polepole kama anayepinda suruali.

Zikapita hatua kumi na tano, hakuna aliyekula cha maana. Andongwisye akaanza kutoka jasho. Simu ilizoea kumwambia ushindi upo hapa, utafute. Ubao ule wa mbao haukumwambia kitu. Lakini jambo moja alilijua: mafumbo makubwa huanza kwa kumtoa malkia kafara. Akamwinua malkia wake, akamtua mbele ya ngome ya Yunisi, pwaa! Abiria wawili waliokuwa wanaondoka wakaghairi safari.

Yunisi alitoa pini mdomoni. Aliogopa, kweli aliogopa. Pointi elfu mbili si mchezo. Aliukodolea macho ubao mpaka mteja wake mmoja akachoka kungoja, akachukua kitambaa chake na kuondoka.

"Kaka Ando, mimi mtego siuoni," alisema mwishowe. "Nisamehe, nakula."

Akamla malkia. Andongwisye akautazama ubao, akingoja uwake kijani.

"Haya, cheza," akasema Sadoki.

"Subirini. Upo. Lazima uwepo."

"Nini?"

"Ushindi."

Waliungoja ushindi huo mpaka pikipiki tatu zikapoteza zamu. Hatua sita baadaye mfalme wake alikuwa amebanwa kwenye kona, hana pa kwenda. Andongwisye alimfikiria mama yake na yale maombi, akatamani ardhi ipasuke immeze. Akainuka aende zake kimyakimya.

"Kaka," Yunisi akamwita kwa upole, na futikamba tayari iko shingoni. "Liache koti. Mabega yake mapana, nitayapunguza leo hii hii."