Jicho la Kuchungulia Ubao

Seremala hupima unyoofu wa ubao kwa jicho moja. Huuinua usawa wa pua, akafumba jicho la kushoto, akachungulia kwa la kulia. Mzee mmoja seremala, mgane, alifanya hivyo miaka arobaini, na ndicho kilichomponza. Jicho la kushoto lilimfia kichwani naye hana habari, maana hakuwa na kazi nalo.

Asubuhi hiyo alikuwa anaranda fremu ya dirisha, unga wa mbao ukamwingia jicho la kulia. Akalifumba. Giza tupu.

"Nani kazima taa?"

Binti yake, seremala mwenzake katika karakana ile, akacheka. "Taa gani, baba, na jua lote hili?"

Kisha akamwona baba yake anapapasa meza kwa mikono miwili. Kicheko kikamkauka.

Marehemu mkewe alikuwa amemwambia, yapata miaka mitatu sasa. "Wewe mwanaume, kikombe kikikaa kushoto kwako hakina maisha. Nenda ukapimwe macho." Akaenda. Mara nne! Mlango wa chumba cha macho hospitalini ni kazi ya mikono yake mwenyewe, mbao ngumu, bawaba tatu, na mara zote nne aliukuta na kufuli. Akaambiwa: mashine ya kupimia presha ya macho mbovu, mzee, tunasubiri fundi. Fundi hakuja. Kilichokuja ni kiti kipya cha kuzunguka cha mganga mkuu, na alikiona kwa macho yake kinapita mlangoni kikiwa bado na nailoni. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Yeye ilimla jicho. Mkewe akafariki, asibaki wa kumsukuma. Na kwa kuwa hakuna kilichomuuma, akanyamaza.

Safari hii binti alimshika mkono mpaka hospitali, na mlango ulikuwa wazi, mashine nayo imeshatengenezwa. Daktari wa macho, mama wa makamo, akamkalisha mbele ya mashine, akammulika, akampima, akashusha pumzi.

"Mzee, hii ni presha ya macho. Inakandamiza mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Haiumi. Inaanza kula pembeni, taratibu, na anayeliwa hajui."

"Kikulacho ki nguoni mwako."

"Hiki kimeingia ndani zaidi ya nguo."

"Basi nipe miwani. Au nipasue, jicho lirudi."

"Lililokufa halirudi, mzee wangu. Si kwa miwani, si kwa kisu. Hilo la kulia nalo limebaki kama tundu la ufunguo. Utatumia dawa ya matone kila siku, maisha yako yote, hata siku unayojiona mzima. Tunalinda kilichobaki, basi."

"Na ningepimwa miaka ile mitatu?"

Daktari akaitazama kalamu yake. "Tungeliwahi."

"Mimi sikuchelewa. Nilikuja mara nne. Kamuulize huyo anayezunguka kwenye kiti."

Daktari akamgeukia binti. "Ugonjwa huu hurithiwa kwenye damu. Na wewe lazima upimwe, hata kama unaona vizuri. Leo foleni imeshafungwa. Njoo Jumatatu."

Dirisha la dawa nalo likasema vivyo hivyo: matone yamekwisha, Jumatatu.

Wakarudi karakana. Binti, ili mikono isikae bure, akaokota ubao wa fremu, akauinua usawa wa pua, akafumba jicho la kushoto kama alivyofundishwa tangu akiwa mdogo.

"Usifumbe hilo!" baba akafoka. "Fumba la kulia."

"Kwani vipi, baba?"

"Fumba, nimesema. Weka ubao chini. Simama hapo."

Akafumba la kulia. Baba akasimama mbele yake, hatua mbili.

"Unaniona?"

"Nakuona. Na hizo ndevu, unyoe."

"Nitazame puani. Jicho lisihame." Baba akaunyoosha mkono wake pembeni, akautanua kama mtu anayesimamisha gari. "Nimenyoosha mkono upi?"

Binti akakaza jicho puani pa baba yake. Maranda yakapeperuka sakafuni. Baba akaupunga mkono, akaupunga tena.

"Baba," akasema binti polepole, "kwani umeshaunyoosha?"