Robo Ekari ya Mariam Poni

Mariam Poni alirudi kwao Koboko kutoka ukimbizini Sudan mwaka 1986, mjane mwenye watoto watatu. Marehemu mumewe alikuwa askari wa serikali iliyoanguka, na kwa sababu hiyo Mariam alizoea kusema machache mbele za watu.

Mwaka wa pili serikali ilitangaza ruzuku kwa wakulima waliorudi. Aliyelima ekari nzima ya karanga angelipwa fedha za mbegu na majembe. Mariam alijiandikisha. Alilima robo tatu, akaacha.

Bwana shamba aliyekuja kupima aliitwa Enoch, mtu wa Logiri aliyefanya kazi katika ofisi ya kilimo mjini Arua, kule Arua Hill. Alivuta kamba yake shamba zima, kisha akasimama mbele ya nyasi ndefu zilizozungukwa na karanga pande zote.

"Mama, hapa mbona hujalima?"

"Nguvu imeisha, bwana shamba."

"Lakini umelima mpaka kule nyuma. Hapa iko nini?"

Enoch alipoinua mguu kuingia nyasini, Mariam alimkamata shati.

"Usikanyage! Iko bomu."

Akamweleza yote. Jembe lake liligonga chuma. Akafukua kwa vidole, akaona mkia wenye mabawa. Akaufunika tena. Nani angeamini kwamba mke wa askari hakuficha silaha?

"Nikisema watanifunga. Watoto itabaki na nani?"

Enoch alirudi nyuma polepole, akaketi kwenye tuta. Majina ya watakaolipwa yalitakiwa Arua kesho yake, na robo tatu haikuhesabiwa kitu.

"Hii iko bomu ya vita, mama, si yako," alisema mwishowe. "Nitasema mimi ndiyo niliona, nikipima."

Siku nne Mariam alikaa na nguo za watoto zimefungwa tayari, iwapo ingebidi kukimbia tena. Siku ya tano wanajeshi walifika kwa gari, na Enoch alikuwa pamoja nao. Hakutaka waende kwa Mariam peke yao.

"Nani alikuta?" sajini aliuliza.

"Mimi," alisema Enoch.

Sajini alimtazama Mariam kidogo, kisha akawaamuru wote wasogee mbali. Mlipuko ulitikisa hata nyumba za jirani. Hakuna aliyemuuliza habari za mumewe. Sajini alisema tu, "Pole, mama. Sasa lima."

Enoch alikuwa amemwomba mkubwa wake wiki mbili zaidi, na akapewa. Mariam na jirani yake, Rosa Kiden, walifyeka, wakafukia shimo, wakapanda. Enoch alipima tena, akaandika: ekari moja.

Malipo yalipotoka, Mariam alitia kidole gumba kwenye karatasi. Alinunua mbegu na majembe mawili, na binti yake Medina akarudi shule.

Baada ya mavuno alipanda lori hadi Arua, akalipa mtu wa kumbebea gunia la karanga mpaka ofisini kwa Enoch.

"Bwana shamba, serikali nimeshashukuru kwa kidole. Wewe bado. Asante sana."

Enoch aliinamisha kichwa kwa haya. "Mama, siku ile miguu yangu ilitetemeka mpaka barabarani."

"Niliona," alisema Mariam. "Na bado ulirudi."

Enoch akafungua gunia, akawaita wenzake, wakala karanga wamesimama, Mariam akiwachekea kama wageni waliofika nyumbani kwake.