Mke Mwenzangu wa Milimita Tisa

Usiku wa kuamkia Ijumaa niliota mume wangu ameoa bastola.

Sikuwa nimeambiwa. Nilikuwa jikoni napepeta mchele, nikasikia vigelegele uani, nikatoka na ungo wangu mkononi, nikawakuta wameshafika. Baba Sauda amevaa kanzu yake ya Idi. Pembeni yake, juu ya kiti cha plastiki kilichowekwa mto, ameketi bi harusi. Mfupi, mweusi, kajifunika kanga mpya mpaka usawa wa mtutu.

"Mama Sauda," mume wangu ananiambia, "huyu ni mwenzio. Mpokee."

"Mwenzangu huyu?"

"Ndiyo. Milimita tisa. Wa ukoo mzuri."

Nilitaka kukasirika, lakini katika ndoto ile hasira zangu zilikuwa zimewekwa juu ya kabati, na mimi ni mfupi. Basi nikasema, "Karibu, bibie," nikampa mkono. Hakuupokea. Alijigeuza taratibu akawa anautazama ukuta wa choo.

"Usimchukulie vibaya," Baba Sauda akasema. "Kwao hawaruhusiwi kumwelekezea mtu mdomo, mpaka wawe na nia naye."

"Nia gani?"

Baba Sauda akakohoa.

Lazima niseme kwamba habari ya bastola haikuanzia ndotoni. Tangu wezi walipobeba pampu ya maji ya jirani yetu, Mzee Chande, mume wangu alikuwa hana wimbo mwingine. Yeye ni fundi wa mafriji hapa Kilosa, mtu mpole, kwa kweli, lakini tangu siku ile ilikuwa mezani bastola, kitandani bastola. Eti mwanamume lazima ailinde nyumba yake. Mimi nilikataa. Mwanetu Sauda yuko bweni, na ana tabia ya kurudi likizo bila kutoa taarifa. Tulibishana hadi tukanuniana, na Alhamisi tukalala kila mtu akiutazama ukuta wake. Ndipo nikaota.

Uani petu pana mpapai na kamba ya kuanikia nguo. Sasa pakawa ukumbi wa harusi. Hakuna aliyehama, ni mpapai tu ulioota feni. Na wakwe wakaanza kuingia.

Bunduki za vita walikaa meza ya mbele. Warefu, wamepakwa mafuta, wameinua videvu juu kwa sababu ya ile sheria ya mdomo, kwa hiyo kila walichosema walikiambia dari. Rashasha alisimama kutoa shukrani. Bahati mbaya ana kigugumizi. "Ni-ni-ni-ni-ni-ni-ni," akaanza, na hakuweza kuacha hadi mpwa wake alipomchomoa magazini. Yule anayetema marisau, vile vichembe vya risasi, alisalimia mara moja tu, na salamu ikasambaa, meza nzima ikaitikia, pamoja na mbuzi aliyekuwa akipita nje. Babu yao Gobore alitaka kutoa neno kuhusu posa, lakini kabla hajasema hubidi ashindiliwe baruti kwa ufito, na walipomaliza kumshindilia sisi tulikuwa tumeshakula pilau na kunawa.

Yule mlenga shabaha hakuhudhuria. Alitusalimia akiwa kilimani, mbali sana. Salamu zilifika kabla ya sauti yake.

Chini ya meza walikuwa wanakimbizana watoto, risasi za nukta ishirini na mbili, wadogo kama punje za mahindi.

"Hao wasikutishe," mama mmoja akaniambia. "Watoto tu."

"Hawaumizi?"

"Wanaua. Lakini watoto tu."

Wapambe wa bi harusi waliingia mwisho, wamevaa magauni ya shaba, kimo kimoja, wamepangana kama watu wa foleni ya zahanati. Mgeni mmoja, risasi ndefu ya saba nukta sita mbili, alitaka kuingia kwenye foleni yao. Alifika kiunoni akakwama. Ilibidi atolewe kwa mpini wa ufagio, na watu wakasikitika sana.

"Kwetu hakuna kubahatisha," mshenga akanieleza. "Kila risasi ina nyumba yake moja tu. Tisa kwa tisa. Ukikosea unywele mmoja, ndoa inavunjika, tena kwa kishindo."

Na pete? Bi harusi hakuvishwa. Pete alikuwa nayo mwenyewe, ile ya chuma chini ya tumbo lake. Mume wangu ndiye aliyeingiza kidole. Watu wakapiga makofi kwa tahadhari.

Mimi ni mwenyeji, na mwenyeji lazima azungumze na wakwe. Nikamgeukia mrefu kuliko wote. "Na nyie wenzetu mnajishughulisha na nini?"

"Misiba," akaliambia dari, kama mtu anayesema yuko kwenye usafirishaji. "Sisi hasa tuko upande wa vita."

"Nani kati yenu ana kazi nyingi?"

Niliuliza kwa adabu tu. Nilidhani watamtaja Rashasha. Feni zikasimama. Bunduki wale warefu wakataka kuinamisha videvu, wakaikumbuka sheria, basi wakanyoosha vitako vyao, vyote kwa pamoja, kumwonyesha bi harusi.

"Sisi tuna jina tu," akasema yule mrefu. "Vita ikiisha tunapakwa mafuta, tunasubiri. Yeye hana msimu. Yeye anafanya kazi majumbani."

Bi harusi aliendelea kuutazama ukuta.

Kisha tukawa jikoni, mimi na yeye, kama wake wenza wa kawaida. Nilimpa vitunguu amenye, nikakumbuka hana mikono, nikavichukua. Alikuwa ameketi juu ya kinu, mgongo kwangu. Sikumchukia. Alikuwa na sauti ndogo, ya mtu aliyelelewa vizuri.

"Bibie," nikamuuliza, "huyo mwizi umewahi kumwona?"

"Mwizi yupi?"

"Huyo uliyeletwa kumzuia."

Akafikiri kidogo. "Habari zake nazisikia. Kila nyumba ninayoolewa wananiambia atakuja. Nimelala chini ya mito mingi nikimsubiri. Labda wengine kwetu wamemwona. Mimi na yeye bado hatujakutana."

"Sasa hao uliofanya kazi nao ni akina nani?"

"Wenyeji."

Alisema hivyo tu, wenyeji. Nikaacha kukata vitunguu.

"Mke mmoja," akaendelea, akiuambia ukuta. "Mume mmoja aliyeamka vibaya. Ndugu wawili waliokuwa wanataniana, baadaye wakaacha kutaniana. Mtoto aliyenikuta kwenye droo, akafurahi sana kuniona."

"Na wewe hukuona vibaya?"

"Mimi sina chuki, dada. Sina upendo pia. Nina kipenyo tu."

Hapo nikanawa mikono nikaenda kushtaki.

Baraza la kadhi lilikuwa ndani ya friji. Ukifungua mlango, unapita rafu ya mayai, unavua viatu. Kadhi mwenyewe ni futikamba ya fundi cherehani, ya njano, iliyojiviringisha kama kilemba juu ya sufuria. Akitaka kusema anajikunjua. Akinyamaza anajiviringisha tena. Nilimkuta Baba Sauda ameshafika, kidole bado kimo kwenye pete, na bi harusi anatazama ukuta wa barafu.

"Unadai nini?" Kadhi akaniuliza.

"Huyu si kufu yetu."

"Kufu ni kipimo. Tupime."

Akampima bi harusi mdomo. Tisa. Akampima Baba Sauda tundu la sikio, tundu la pua, kitovu, jino lililong'oka. Hakuna tisa. Akanipima mimi, akazunguka kifua changu mara mbili, akarudi kwa Baba Sauda, akampima upya. Nikaona anaanza kutetemeka, kuanzia kwenye inchi za mwanzo.

"Hili ni jambo la ajabu," akasema. "Risasi ina nyumba moja tu. Hata ya jirani yake haiingii. Lakini nyie nimewapima pande zote, na mtu hana kipenyo. Risasi zote zinamwingia. Ndogo, kubwa, za watoto, za vita. Zote zinamtosha."

"Hiyo ni nzuri au mbaya?" Baba Sauda akauliza.

"Ingekuwa nguo, ingekuwa nzuri."

Mume wangu hakuridhika. Akasema yeye analinda nyumba, na mwenye nyumba hapimwi pua. Kadhi akajiviringisha, akafikiri, akajikunjua.

"Basi tufanye jambo moja. Mke humjua mumewe kwa hodi. Bi harusi ajaribiwe."

Kukawa na mlango. Ni mlango wetu wa mbele, wa mninga, ulioanza kubabuka chini. Sasa tuko sebuleni, Kadhi yuko juu ya redio, na kuna giza ingawa ni mchana.

Mlango unagongwa.

"Nani?" bi harusi anauliza.

"Mimi," sauti inajibu.

"Mwizi naye husema mimi," bi harusi anasema, na kwa mara ya kwanza anauacha ukuta. Anageuka polepole, anamvuta Baba Sauda kwa kile kidole. Mkono wa mume wangu unanyanyuka. Naona ule mdomo. Ni mdogo, wa mviringo, kama tundu la kifungo. Sikutegemea utakuwa mdogo vile. Namfikiria Sauda na begi lake la shule.

Halafu nasikia kule nje mtu anafuta miguu kwenye zulia la mlangoni. Wa kulia mara mbili. Wa kushoto anausahau.

"Baba Sauda," nasema, "shusha mkono. Huyo ni wewe."

"Mimi niko hapa."

"Na pale nje ni wewe. Miaka yote hii ninafuta matope ya mguu wako wa kushoto. Nakwambia ni wewe."

Sikushangaa kwamba yuko ndani na nje. Kadhi naye hakushangaa. Alisogea kidogo tu ili apate kuona.

"Mama Sauda," sauti ya nje ikauliza, "nani huyo anaongea humo ndani kwa sauti yangu?"

"Mlinzi wa nyumba," akajibu Baba Sauda wa ndani, kwa ukali.

"Nyumba ya nani?"

"Ya Selemani Ndauka."

"Selemani Ndauka ni mimi."

"Mwizi naye anaweza kuitwa Selemani."

Mkono wa mume wangu bado uko juu. Jasho linashuka hadi kwenye kiwiko. Nilijua hapendi kuuweka pale, lakini pete imebana. Nikaenda nikasimama kati yake na mlango. Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa bado na ungo, basi nikaushika mbele ya kifua, na mchele ukamwagika wote sakafuni.

Sauti ya nje ikaja chini kidogo, kwenye tundu la ufunguo. Alikuwa amepiga magoti.

"Kadhi yupo humo?"

"Nipo."

"Naomba kutoa talaka."

"Humu kuna wake wawili," Kadhi akasema. "Taja vizuri."

Sitasema uongo, nilidhani ni mimi. Tulikuwa tumenuniana tangu Jumatatu.

"Namwacha wa milimita tisa," akasema.

Kidole kikachomoka kwenye pete kwa mlio wa kifuniko cha soda. Na Baba Sauda wa ndani hakuwepo tena. Imebaki kanzu ya Idi, imesimama kidogo, halafu imeanguka.

Bi harusi alijitikisa mchele. Hakukasirika hata chembe. Aliugeukia ukuta, akaushukuru kwa ukarimu wetu, akaisifu pilau yangu.

"Pole, bibie," nikamwambia, maana hata hivyo alikuwa ameachwa nyumbani kwangu.

"Usijali, dada. Nina posa nyingine kesho, na keshokutwa." Akajifunika kanga yake mpaka usawa wa mtutu. "Huwa siachiki kwa muda mrefu."

Akaondoka kinyumenyume, kwa adabu.

Nikaamka.

Kumeshapambazuka. Jua limeingia kwenye pazia, kuku wa Mzee Chande wanalalamika. Nikageuka nimwamshe mume wangu, tuamkiane na tumalize kununa. Upande wake wa kitanda ulikuwa mtupu, na shuka limepoa.

Mlango wa mbele unagongwa. Taratibu, kama mtu anayeona haya.

Nilikwenda sebuleni. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo, kwa ndani, na kitasa kimefungwa na ufunguo umetundikwa msumarini. Madirisha yetu yote yana nondo, na mlango wa uani nao una komeo kwa ndani.

"Nani?" nikauliza.

Nikasikia anafuta mguu wa kulia, mara mbili.

"Mama Sauda," akasema, "usiniulize hivyo."

Nikafungua. Alikuwa amevaa kikoi cha kulalia, kifua wazi, nywele zina umande. Magotini ana vumbi. Hakunieleza amefikaje nje, wala sikumuuliza. Alinipita mpaka kwenye mtungi, akanywa maji bila kupumua, akasimama amenipa mgongo.

"Mama Sauda."

"Abee."

"Hivi talaka ikitolewa kupitia tundu la ufunguo, inahesabika?"

"Inahesabika."

"Hata kama mtu hakutaja jina, ametaja milimita tu?"

"Inahesabika, Baba Sauda," nikamwambia. "Rudi ufute mguu wa kushoto."