Mshenga Aliyekubali Kila Kitu

Husseini alikuwa karani wa ofisi moja pale Kibaha, na kukaa kutwa kulimharibia mgongo. Mwenzake kazini, Silvanus, akampa pakiti ya unga wa kijani aliouagiza mtandaoni. Ni kratom, alimwambia, majani ya mti wa huko Asia, mitishamba tu isiyo na madhara.

Mwanzoni ilikuwa raha. Husseini akikoroga kijiko kimoja, maumivu yanatulia, na akirudi nyumbani anadeki mpaka uani. Mkewe, Raudha, alihisi kuna kosa analolificha. Lakini kijiko kikawa viwili, kisha vitatu. Choo kikagoma, mwili ukawasha, na akichelewa kunywa, pua zinachuruzika na hasira zinampanda. Siku moja aligombana na feni.

Ndipo mpwa wake Faraji, naye mkazi wa Kibaha, akamtuma kuwa mshenga, akamposee Mwanne kule Msimbu, Kisarawe. Siku ya safari Husseini aliongeza kijiko ili maneno yatiririke, na juu yake akameza kidonge kikali cha maumivu.

Alikaribishwa mkekani, akasalimia vizuri, kisha usingizi ukamvamia. Mzee Rajabu, baba wa binti, akaanza kutaja masharti. Kijana ahamie Msimbu. Kichwa cha Husseini kikashuka. Achunge mbuzi wa bibi. Kikashuka tena. Binti asishike jembe kamwe. Kidevu kikagota kifuani. Wazee wakatazamana kwa furaha. Hawakuwahi kupata mshenga mnyenyekevu namna ile. Pilau ilipoletwa, Husseini akatapika kwenye kanzu yake na kulala ubavu, akihema kwa shida.

Wakamkimbiza hospitali. Alipozinduka, Daktari Hajira alikuwa kando ya kitanda, akamhoji mpaka akataja unga na kidonge.

"Mzee wangu, ukizidisha huo unga unakulevya kama afyuni. Ukichanganya na kidonge kile, unaweza kuacha kupumua."

Husseini akajitetea kwamba ni majani tu.

"Hata bangi ni majani," daktari akasema.

Akamweleza kuwa unga huo unaweza kudhuru ini, na kwamba mwili wake ulishauzoea, hivyo atauacha chini ya uangalizi. Zilifuata siku za kutokwa jasho, kukosa usingizi na kununa. Raudha alizistahimili, ila hakumruhusu Silvanus kuvuka kizingiti.

Husseini alipopata nguvu, alirudi Msimbu kuomba radhi na kueleza kilichomsibu. Mzee Rajabu akampa pole, lakini akashikilia kwamba mshenga alikubali masharti mbele ya mashahidi. Mabishano yakarefuka, mpaka Mwanne akasikika kutoka nyuma ya pazia.

"Baba, hao mbuzi achunge aliyekubali. Mimi nataka kuishi Kibaha."

Wazee wakaangua kicheko. Mzee Rajabu akakohoa, akauliza ni nani basi atakayewapeleka mbuzi malishoni. Hakuna aliyejitolea, na masharti yakaishia hapo. Ndoa ikafungwa baada ya Idi, na maharusi wakahamia Kibaha.