Mbwa wa Mlango wa Nyuma

Kwa jina Lake Yeye aliyekiumba kila chenye pumzi na kukikadiria riziki yake, asikiaye mlio wa mnyama kama asikiavyo dua ya mja, naanza. Namwomba auongoze ulimi wangu, usimwonee mtu niliyemfahamu na kumpenda, wala usimfichie yaliyo yake.

Watu wa kisa hiki si wengi. Wa kwanza ni muuza nyama wa mtaa wetu, mtu mzima, mpole wa maneno, mshika swala, ambaye mizani yake haikupata kulalamikiwa. Wa pili ni fundi cherehani, mjane, jirani yake ukuta kwa ukuta, pamoja na bintiye mdogo. Wa tatu ni fundi viatu, ambaye kibanda chake kilielekeana na bucha, na ambaye ulimi wake ulichoma kuliko shazia lake la kushonea ngozi. Yuko pia mwenyekiti wa mtaa, na yuko bwana mifugo. Kisha wako mbwa.

Mbwa walianza kuja baada ya wezi kuuvunja mlango wa nyuma wa bucha na kuondoka na paja zima la ng'ombe. Mlinzi wa zamani alikuwa amekwisha kurudi kwao, na muuza nyama hakuajiri mwingine. Badala yake akaanza kutupa mifupa uani kila alfajiri, mara tu baada ya kunoa visu. Alinoa kwa namna yake: akisimama kwenye kizingiti cha mlango ule wa nyuma, kisu mkono wa kulia na chuma cha kunolea mkono wa kushoto, akivuta taratibu kwa mlio mrefu kisha mfupi, mrefu kisha mfupi, kama mtu anayepima mizani ya beti. Haukupita muda mbwa wakaujua mlio ule. Walilala mlangoni, na wezi hawakurudi tena.

"Mwenzetu umepata askari," fundi viatu alikuwa akimwambia. "Tena askari wasioomba likizo!"

"Askari gani? Mbwa wa mtaa hao."

"Basi mtaa wote unalala mlangoni kwako, bwana. Tuhamishie na vitanda."

Muuza nyama alicheka naye, lakini alichunga sana asiwape majina. Hata yule jike mwekundu mwenye sikio lililochanika, aliyekuwa mbele ya wenzake siku zote, alimwita "wewe" tu. Nafsini mwake alijua kwamba ukishamwita mnyama kwa jina, watu watakuuliza habari zake. Alitwaa ulinzi wao akaukataa mzigo wao, na kila alfajiri alinawa mikono kwa uangalifu mkubwa, akaenda msikitini na moyo mweupe.

Yule jike akazaa. Alizaa nyuma ya makreti ya mbao yaliyorundikwa kwenye kona ya ua, na muuza nyama ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kusikia vilio vya watoto. Alijua kwamba mbwa aliyezaa hacheki na mtu. Alijua vilevile kwamba binti wa fundi cherehani hupita pale kwenda kumwaga vitambaa vilivyokatwa. Alitaka kumwonya mamaye. Aliufikia ukuta, akafungua kinywa, kisha akafikiri: nikimwambia, ataniuliza kwa nini sijawatoa. Akarudi ndani.

Binti akang'atwa mguu siku iliyofuata.

Walimkimbiza zahanati, akasafishwa jeraha na kudungwa sindano ya kwanza ya kukinga kichaa cha mbwa, akaambiwa arudi kwa nyingine. Mama yake aliporudi alikuja moja kwa moja dukani, ushungi umemteleza begani, na nyuzi za kazi bado zimemganda kwenye mikono ya nguo.

"Kaka, nakuuliza kwa uzuri. Yule mbwa ni wako?"

Muuza nyama aliinamisha macho kwenye gogo la kukatia. "Dada yangu, mimi nitafuga mbwa na swala zangu hizi? Ni mbwa wa mtaa."

"Haya," alisema yule mama. "Maadamu umesema wewe."

Maneno hayo ndiyo yaliyomchoma muuza nyama kuliko tusi, kwa kuwa yule mama alimwamini.

Mwenyekiti akaitisha kikao barazani kwake. Bwana mifugo alikuja na koti lake la kazi, akasema mambo yake kwa ufupi. Mbwa mwenye mwenyewe, alisema, atachanjwa, atajengewa banda, na mwenyewe atawajibika kwa kila atakayeng'atwa. Mbwa asiye na mwenyewe atapakiwa kwenye lori, na huko aendako harudi.

"Sasa niambieni," akasema, "mbwa hawa ni wa nani?"

Watu wakatazamana. Kila mmoja alikuwa na sababu ya kunyamaza, kwani nani katika sisi hakupata kuwatupia kombo? Lakini macho yalikwenda upande mmoja.

"Mimi ninavyojua, mtaa huu una bucha moja," fundi viatu alisema, akijifanya anauliza dari. "Au kuna nyingine imefunguliwa sijaalikwa?"

Kicheko kikapita. Muuza nyama akasimama, akainyoosha kanzu yake. "Jamani, mbwa hufuata harufu. Nikiuza nyama ndiyo nimekuwa baba yao? Mimi si mwenyewe."

"Basi hawana mwenyewe," bwana mifugo akasema, na kikao kikafungwa kwa dua. Muuza nyama aliitikia amina kwa sauti ndogo kuliko ya wote.

Asubuhi ya lori ikafika. Vijana wa bwana mifugo walishuka na fimbo ndefu zenye vitanzi, wakazunguka mitaroni, wakapiga makopo, wakamulika chini ya vibanda. Hapakuwa na mbwa hata mmoja. Wanyama wale walinusa shari mapema, wakapotea kama waliomezwa na ardhi. Jua lilipanda. Vijana wakachoka, wakaketi kwenye bodi ya lori wakinywa maji. Muuza nyama, aliyekuwa akichungulia tangu alfajiri bila kufungua duka sawasawa, aliona pumzi zinamrudia. Alijiambia: wataondoka, nami sitakuwa nimesema uongo uliomdhuru yeyote.

Hapo akaingia mteja, mama mmoja mwenye haraka, akataka mbavu zilizokatwa ndogondogo. Muuza nyama alifurahi kupata cha kushika. Akatwaa kisu, akatwaa chuma, akasimama kizingitini mahali pake pa siku zote, penye mwanga mzuri, na mikono yake ikafanya ilichozoea: mlio mrefu kisha mfupi, mrefu kisha mfupi.

Wakaja.

Walitoka kwenye kalvati, walitoka nyuma ya ukuta uliobomoka, mmoja alitoka chini ya lori lenyewe, katikati ya miguu ya waliokuwa wakimtafuta. Hawakubweka. Walikwenda mlango wa nyuma mikia ikitikisika, wakaketi mbele yake kwa safu, na yule jike mwekundu akiwa wa kwanza, chuchu zimemning'inia, macho yake kwenye mkono ulioshika kisu.

Kijana mmoja wa lori akaangua kicheko. "Mzee, kumbe wewe ndiye mwalimu wao!"

Bwana mifugo hakucheka. Alikuja pole pole hadi kizingitini, fundi viatu na fundi cherehani nyuma yake, na binti mwenye bandeji akiwa ameshika nguo ya mama yake.

"Mzee wangu," alisema kwa heshima, "wote tumeona. Sikudai kitu. Sema tu kwamba ni wako, niwaache hapa niwachanje, nawe ujenge banda. Nakuuliza mara ya mwisho."

Ilikuwa rahisi. Neno moja tu. Lakini muuza nyama alimwona fundi cherehani akimtazama, akakumbuka alivyomjibu, na aibu ya jana ikamfunga kinywa cha leo.

"Wamesikia njaa," akasema. "Si wangu."

Vitanzi vikashuka. Wengine walipigana. Yule jike hakupigana. Aliburutwa shingo imegeukia nyuma, bado akiutazama ule mkono, kana kwamba mfupa umechelewa tu. Fundi viatu, aliyekuwa na neno kwa kila jambo, aliingia kibandani mwake akainamia kiatu ambacho hakukishona.

Kesho yake muuza nyama aliswali alfajiri akasahau rakaa, akarudia, akasahau tena. Alipofika dukani alisikia vilio nyuma ya makreti, vimekuwa vyembamba. Aliyaondoa makreti moja moja. Watoto walikuwa wamelaliana, wakitafuta tumbo lisilokuwepo. Akapiga magoti na kanzu yake ya swala juu ya uchafu ule, akawa anawadondoshea maziwa kwa kitambaa. Aliposikia hatua hakuinuka.

"Ni wa nani hawa?" fundi cherehani aliuliza.

"Ni wangu."

"Tangu lini?"

"Tangu mama yao. Na siku ile nilijua amezaa hapa, dada. Nilifika ukutani kwako nikuonye, nikarudi."

Yule mama aliinama akawatazama wale wadogo. Binti yake alichungulia kutoka nyuma yake, mguu wa bandeji ameunyanyua kidogo.

"Ungesema jana," alisema yule mama, "wangekuwa na mama. Na ungesema siku ile, mwanangu angekuwa na mguu mzima." Akamshika bintiye mkono. Alipofika ukutani akageuka. "Kitambaa hicho kigumu, wanashindwa kunyonya. Nitakuletea cha pamba."

Alikileta, akakiweka juu ya ukuta, wala hakungoja shukrani.

Muuza nyama alimwendea bwana mifugo kwa miguu yake, akamleta awachanje wakati ulipofika, akajenga banda lenye lango, na gharama za sindano za yule binti akazibeba zilizobaki. Watu wanasema amelipa. Yeye hasemi hivyo. Visu sasa huvinoa ndani, mlango umefungwa, kwa kuvuta kimyakimya. Hata hivyo, kila chuma kinapogusa chuma, wale wadogo, ambao hakuna aliyewafundisha, huinua vichwa bandani wakangoja. Naye huweka kisu chini na kukaa kitambo kabla ya kuendelea.

Ewe Mola uliyetukabidhi wanyonge wasiosema, walinde waliobaki bandani, mponye mtoto na mguu wake, umpe mama yake moyo wa kusamehe pasina kulazimishwa, na utujaalie sisi tuliobakia mtaani tuitikie tunapoulizwa mara ya kwanza. Amina.